Ukikimbia Kololo, Nani Anakuona?

*Programu za simu za kupima mbio zimewapa wakimbiaji wa Kampala kocha, daftari na baraza la kujisifia. Ila mstari unaobaki kwenye ramani unamsema mkimbiaji kuliko anavyodhani, na unawasahau wengi wanaolivuka jiji hili kwa miguu kila siku.*

Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa za Wampewo Avenue bado zinawaka na nyasi za Viwanja vya Uhuru vya Kololo zimelowa umande. Kando ya barabara wamesimama watu waliovaa viatu vya mbio, shingo zimeinama, nyuso zimemulikwa na vioo vya simu. Hakuna anayezungumza sana. Wanasubiri setilaiti.

Mwenye boda boda aliyeegesha hatua chache kutoka hapo anawapigia kelele, "Ssebo, tugende!" ("Bwana, twende!") huku akijua fika kwamba hakuna atakayepanda. Kisha saa ya mkononi ya mmoja wao inalia, ya pili inaitikia, na kundi linaondoka kuukabili mlima wa Upper Kololo Terrace. Anayebaki nyuma ni yule ambaye simu yake bado inatafuta. Yuko radhi aachwe na wenzake kuliko kukimbia kilomita ambazo hazitaandikwa popote.

Ikifika saa tatu asubuhi, wakati wengine wanaamka, matokeo yameshapachikwa: umbali, kasi ya kila kilomita, mita walizopanda, mapigo ya moyo kwa mwenye saa nzuri, na ramani yenye mstari wa rangi ya machungwa unaozunguka Kololo, kushuka Kira Road na kurudi. Pongezi zinamiminika. Wanaopongeza ni wenzao wa kundi, binamu aliyeko Toronto, mfanyakazi mwenza wa zamani, na watu wengine ambao mkimbiaji hawajui hata kwa sura.

Makala haya yanahusu hao wa mwisho, na pia wale ambao hawamo kabisa kwenye ramani hiyo.

Jiji linalokimbia

Zamani si nyingi, mtu mzima aliyeonekana akikimbia Kampala bila kufukuza wala kufukuzwa alikuwa askari, mchezaji au mzungu. MTN Kampala Marathon ilipoanza mwaka 2004, wapita njia walisimama kuwashangaa watu wa maofisini waliojitia mbioni kwa hiari yao.

Leo kalenda imejaa. Mbio za Rotary za kuchangia matibabu ya saratani, zilizoanza 2012, huijaza Kololo kila Agosti. Aprili ni zamu ya mbio za kuadhimisha kuzaliwa kwa Kabaka, watu wakimiminika Lubiri kule Mengo. Novemba ni MTN. Tangu 2022 kuna pia marathon ya Rwenzori mjini Kasese, na wakazi wengi wa Kampala hupanda basi usiku kucha kuifuata.

Corona nayo ilichangia kwa njia yake. Aprili 2020 Rais Museveni alipiga marufuku mazoezi ya nje, kisha akatoa video akiwa amevaa suti ya michezo, akikimbia ndani ya ofisi yake na kupiga pushapu 30. Wananchi wakazunguka nyua zao. Anayekimbia uani hana njia wala mandhari, basi kilichobaki cha kumtia moyo ni tarakimu.

Kati ya programu zinazotoa tarakimu hizo, maarufu zaidi ni Strava. Ilianzishwa San Francisco mwaka 2009 kwa ajili ya waendesha baiskeli, na sasa ina akaunti zaidi ya milioni 100 duniani. Zipo na nyingine: Nike Run Club, Garmin Connect, adidas Running, Samsung Health. Zote zinafanya kazi ileile ya kufuata mwili wa mtu hatua kwa hatua na kuuandika.

John Akii-Bua, polisi aliyeipa Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, alijifua bila hata moja ya vitu hivi. Mwaka 1972 mjini Munich alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, ikawa rekodi ya dunia. Mazoezi yake yaliandikwa kwenye madaftari na vichwani mwa kocha na wenzake.

Theluji iko mbali, tatizo liko karibu

Programu hizi zina ndugu zao kwenye theluji. Katika milima ya Ulaya na Marekani, watu wanaoteleza kwa skii au kwa ubao wa theluji hutia simu mfukoni ikiwa na Slopes au Ski Tracks. Jioni, wakikaa kunywa kitu cha moto, husoma wameshuka mara ngapi, mita ngapi za mteremko, na mwendo wao mkali kabisa ulikuwa kiasi gani.

Usidhani hilo halituhusu kabisa. Brolin Mawejje, aliyezaliwa Uganda na kuhamia Massachusetts akiwa na umri wa miaka 12, alijifunza ubao wa theluji huko, akahamia milima ya Wyoming na kujitosa kuwania nafasi ya kuiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Filamu ya maisha yake, *Far From Home*, ilitoka 2014. Hadi michezo ya Beijing ya 2022 Uganda haikuwa imepata mwakilishi katika Olimpiki hiyo. Barafu tunayo wenyewe, juu ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafika mita 5,109, ila imekuwa ikisinyaa tangu msafara wa Mwanamfalme wa Abruzzi uipime mwaka 1906.

Programu za theluji zililazimika kutatua fumbo moja: kumtofautisha anayeteleza na anayepandishwa. Anayekalia kiti cha kamba kwenda kileleni husogea kwa mwendo usiobadilika, kwa mstari ulionyooka, huku mwinuko ukiongezeka. Anayeteleza hupinda huku na huku, mwendo ukipanda na kushuka. Simu hulinganisha tabia hizo mbili na kukata siku nzima vipande vipande bila mwenyewe kugusa kitu.

Kampala haina viti vya kamba. Ina boda boda. Mkimbiaji anamaliza Kabalagala akihema, anasahau kuzima programu, anadandia boda kwenda kwake Muyenga. Akifika anakuta ameupanda mlima wa Tank Hill kwa kasi ambayo Joshua Cheptegei, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 ya dakika 26 na sekunde 11 mjini Valencia mwaka 2020, hakuwahi kuiota. Programu ikiwa macho itamuuliza kama alikuwa kwenye chombo cha moto. Ikilala, wenzake watamripoti, na kicheko kitadumu wiki nzima.

Ugumu uko kwenye foleni. Jioni ya Ijumaa pale Jinja Road, gari linaenda pole kuliko mtu mzima anayekimbia polepole, na hakuna hesabu ya San Francisco itakayokutofautisha na abiria wa teksi.

Mstari juu ya paa za Mulago

Kinachofanyika ndani ya simu si uchawi. Setilaiti za GPS, kama thelathini hivi, zinazunguka dunia kwa urefu wa takriban kilomita 20,200, kila moja ikitangaza saa yake. Simu ikisikia nne au zaidi hupima tofauti za muda na kujua ilipo. Kusikiliza huko ni bure. Hakuhitaji bando wala mtandao, jambo ambalo wakimbiaji wengi hawalijui hadi leo na huzima programu wakiogopa MB kuisha. Bando linahitajika wakati wa kupakia matokeo tu.

Chini ya anga wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita kama tano. Katikati ya majengo marefu ya Kampala Road mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika, na mstari huyumba. Kuna pia jambo la huku kwetu hasa. Karibu na ikweta, tabaka la juu la anga liitwalo ionosfia huchafuka baada ya jua kuzama na kuyumbisha mawimbi ya setilaiti kuliko linavyofanya Ulaya. Anayekimbia saa mbili usiku ana haki ya kuitilia shaka saa yake kidogo kuliko anayekimbia alfajiri.

Simu nyingi zinazouzwa Kampala, za bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, zimetengenezwa kutunza betri kwa ukali. Kioo kikizimika, mfumo huua programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Yangu ilinifanyia hivyo. Niliizunguka Mulago yote kwa jasho, na ramani ikachora mstari ulionyooka kama rula juu ya paa za hospitali. Kwa mujibu wa simu nilikuwa nimepaa.

> Simu ikisema marathon ilikuwa kilomita 42.8, anayepaswa kushukiwa kwanza ni mkimbiaji mwenyewe na kona zake.

Hapo ndipo unapozaliwa ugomvi wa kila mwaka, kwamba waandaaji wametuzidishia njia. Njia ya marathon inayotambuliwa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio maalumu, ikifuata ufupi kabisa wa barabara, ikikata kila kona kwa ndani. Juu yake huongezwa mita moja kwa kila elfu ili njia isije ikawa fupi. Mkimbiaji wa kawaida huzunguka kona kwa nje, hukwepa shimo, huvuka kwenda meza ya maji, na simu yake huongezea makosa yake. Kilomita 42.195 za waandaaji zinakuwa 42.8 za simu, na kila mmoja anaapa kwa chake.

Mita za kupanda ni shida kubwa zaidi. GPS hukosea urefu wa juu kuliko inavyokosea mahali. Saa za bei kubwa zina kipima kanieneo ya hewa ndani, nyingine huazima takwimu za mwinuko kutoka kwenye ramani. Watu wawili waliokimbia bega kwa bega kutoka Kibuli hadi Namirembe wanaweza kurudi nyumbani na milima ya urefu tofauti.

Mfalme wa mlima

Kilichoifanya Strava ipendwe kuliko daftari ni vipande. Mtu anakata sehemu ya barabara, tuseme kutoka chini ya kilima hadi juu, anaipa jina, na tangu hapo kila apitaye huingizwa kwenye orodha. Wa kwanza huvikwa taji. Kampala, mji uliojengwa juu ya vilima, ni shamba la vipande hivyo.

Kwenye kupanda sina ugomvi. Anayepanda Namirembe mbio atajiumiza mwenyewe tu. Kushuka ndiko kwenye hatari. Juni 2010, Kim Flint, mwendesha baiskeli wa California, alikufa katika ajali akiteremka mlima ambao alikuwa ameshika taji lake na kunyang'anywa. Familia iliishitaki Strava mwaka 2012, na mwaka uliofuata mahakama ikaitupa kesi kwa hoja kwamba baiskeli ni mchezo wenye hatari inayojulikana.

Sasa iweke hoja hiyo kwenye mteremko wa Tank Hill Road kuingia Kabalagala, teksi ikisimama ghafla kumshusha abiria, boda ikija upande usio wake, mama wa ndizi akivuka na beseni kichwani. Huyo mama hakujiandikisha kwenye mchezo wowote. Kipande chochote cha mteremko kilichochorwa kwenye barabara ya watu wengi ya Kampala kinastahili kufutwa, na programu inaruhusu mtumiaji yeyote kuripoti kipande cha hatari. Wenye mataji watanuna. Wanune.

Unga unafutika

Kampala ilikuwa na namna yake ya kuacha alama kabla ya simu. Wana Hash, tawi la mchezo ulioanzishwa Kuala Lumpur mwaka 1938, hukutana Jumatatu jioni, kila wiki mahali tofauti. Mmoja hutangulia na kumwaga unga njiani, wengine humfuata kwa kubahatisha, wakipotea na kurudi, na mwisho wake ni nyimbo na bia. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi hakuna anayeweza kujua walipita wapi. Kuku nao huwa wamefanya kazi yao.

Mstari wa simu haunyeshewi.

Chukua mfano. Dada anaishi Naguru, anakimbia siku nne kwa wiki kabla ya kazi, na akaunti yake iko wazi, kama akaunti mpya za watu wazima zinavyokuwa hadi mwenyewe aamue kuzifunga. Mistari yake yote inaanzia lango lilelile. Inaonyesha anatoka saa ngapi, anapita kichochoro gani, siku gani hakimbii, na wiki gani yuko safarini kwa kuwa ramani inaonyesha Mombasa. Picha ya saa mpya aliyoipachika inaonyesha ana nini mkononi. Mwizi wa zamani alihitaji siku kadhaa za kukaa kwenye kibanda cha chapati za rolex akinywa chai na kuangalia. Huyu wa sasa hahitaji hata kufika Naguru.

> Mistari yote inaanzia lango lilelile.

Dunia imeshaonywa. Novemba 2017 Strava ilichapisha ramani ya joto iliyojumlisha safari za watumiaji wake wote. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akagundua kwamba katika nchi ambazo programu hiyo haina watumiaji wengi, mng'ao ulichora kambi za kijeshi, kwa kuwa askari wa kigeni ndio waliokuwa wakikimbia kandokando ya ua na saa mikononi. Somalia ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizotajwa. Waganda hawakuwa na sababu ya kuichukulia habari hiyo kama ya mbali, maana jeshi la Uganda, UPDF, lilikuwa Mogadishu tangu Machi 2007.

Julai 2023 Stanislav Rzhitsky, aliyewahi kuwa nahodha wa nyambizi ya Urusi, alipigwa risasi akikimbia kwenye bustani mjini Krasnodar. Akaunti yenye jina lake ilikuwa ikionyesha njia aliyozoea kupita. Mwaka uliofuata gazeti la *Le Monde* la Ufaransa lilionyesha jinsi walinzi wa marais walivyoacha nyayo za safari za mabosi wao kwa kukimbia tu asubuhi hotelini.

Strava inatoa kinga: unaweza kuficha mwanzo na mwisho wa safari, hadi karibu kilomita 1.6 kuzunguka kwako, au kuificha ramani yote. Itumie. Ila usilale usingizi mzito. Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba kinga hiyo inaweza kuvunjwa katika hadi asilimia 85 ya visa. Programu huificha sehemu ya mstari lakini bado hutangaza umbali wote wa safari. Toa unaoonekana kwenye jumla, ubaki na uliofichwa, kisha uulinganishe na barabara zilizopo. Rudia kwa safari kadhaa na nyumba inajitokeza.

Lakini mbona watu hawaachi?

Kwa sababu faida ni za kweli, na makala yanayowatisha watu tu hayawatendei haki.

Ya kwanza ni usalama wenyewe. Programu hizohizo humruhusu mkimbiaji kumtumia ndugu au mwenza kiungo kinachoonyesha alipo wakati anakimbia. Kwa mwanamke anayekimbia peke yake, katika eneo ambalo halijasahau mauaji ya wanawake yaliyoitikisa Nansana na Entebbe mwaka 2017, kiungo hicho kina uzito kuliko hofu ya mtu asiyejulikana kusoma ramani kesho yake. Hilo ni kweli. Tofauti iko kwa anayetumiwa: dada yako mmoja, au dunia nzima.

Ya pili ni kocha. Kijana wa Kapchorwa au Bukwo, kule Elgon wanakotoka Cheptegei na Jacob Kiplimo, anaweza kumpelekea kocha aliyeko mbali rekodi ya kila siku. Afisa wa benki wa Bugolobi anayejiandaa kwa kilomita 21 zake za kwanza anapata mpango wa mazoezi bila kumlipa mtu.

Ya tatu haisemwi sana kwenye matangazo. Watu wanapenda kuonekana. Makundi ya mbio ya Kampala yamekuwa mahali pa kupata marafiki, wachumba na biashara, na ramani ya Jumamosi ni kadi ya mwaliko. Ukimwambia mtu afunge akaunti, unamtoa barazani.

Wapo pia wanaouliza, kwa haki kabisa, kwa nini waanze kuiogopa programu ya mbio katika jiji ambalo tayari lina macho kila njia panda. Kamera za polisi zilizonunuliwa kutoka Huawei kwa dola milioni 126 zimetundikwa kwenye nguzo tangu 2018. Laini ya simu imefungwa kwenye kitambulisho cha taifa. Novemba 2023 serikali ilianza kutoa namba za magari zenye kifaa cha kufuatilia, chini ya mkataba na kampuni ya Kirusi uliosainiwa 2021. Ukishahesabiwa hivyo, kilomita zako kumi za alfajiri ni siri gani?

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inachanganya wafuatiliaji wawili. Kamera ya polisi haimwonyeshi jirani mlango wako. Programu inamwonyesha, na wewe ndiye uliyeipachika.

Sheria ipo, nani anaiita?

Uganda ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha mwaka 2019. Inataka ridhaa kabla ya kukusanya taarifa za mtu, na haiishii mpakani: inamhusu pia aliye nje ya nchi anayekusanya taarifa za raia wa Uganda. Kampuni ikikutwa na hatia inaweza kutozwa hadi asilimia mbili ya mapato yake ghafi ya mwaka. Ofisi ya kuisimamia iko chini ya mamlaka ya teknolojia ya habari, NITA-U.

Meno hayo yameshaonekana. Mwaka 2021 NITA-U iliichunguza SafeBoda, programu ya boda boda iliyozaliwa hapahapa Kampala, na kukuta kwamba taarifa za abiria zilikuwa zikipelekwa kwa kampuni nyingine ya uchambuzi, CleverTap, bila abiria kuelezwa ipasavyo. Tofauti na Strava, SafeBoda ina ofisi unayoweza kuifikia kwa miguu.

Kitu cha kudai kwa kampuni za mbali ni kidogo na hakigharimu: akaunti mpya ianze ikiwa imefungwa, na mwenye kutaka kuifungua aifungue. Sasa hivi ni kinyume. Ukitazama biashara yenyewe utaelewa sababu, kwa kuwa ramani zilizofungwa hazivuti marafiki wapya kujiunga.

Wasiokuwemo

Limebaki suala la ramani ya joto kama chombo cha mipango, na hili ndilo linalonisumbua kuliko wizi wa saa.

Strava ina kitengo kiitwacho Metro, kinachowapa wapangaji wa miji takwimu za safari zilizojumlishwa bila majina. Jimbo la Oregon, Marekani, lilikuwa la kwanza kuzinunua, miaka kumi na zaidi iliyopita, na tangu 2020 miji inaweza kuzipata bure. Kwa halmashauri isiyo na fedha za utafiti, kitu cha bure kinachoonyesha watu wanapita wapi ni kishawishi kikubwa. Mamlaka ya jiji la Kampala, KCCA, imejaribu kuwatengea watembea kwa miguu na baiskeli njia yao, Namirembe Road hadi Luwum Street, na itahitaji takwimu za kuamua njia inayofuata.

Fungua ramani ya joto ya Kampala uone. Kololo inawaka. Naguru na Bugolobi zinawaka, uwanja wa gofu umezungukwa na mng'ao. Shuka Katwe, Kisenyi, Bwaise, Namuwongo: giza, au nyuzi chache. Mpangaji asiyewahi kukanyaga Namuwongo angehitimisha kwamba watu wa huko hawatembei.

> Askari wa zamu ya usiku hutembea kuliko wakimbiaji wengi, na hakuna ramani inayomjua.

Nenda kasimame Jinja Road saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Walinzi wa zamu ya usiku wanatoka Kololo na Nakasero kurudi Kireka na Banda kwa miguu, koti begani, ili nauli ya teksi ibaki kwa chakula cha watoto. Wanapishana na wenye viatu vya rangi wanaopanda. Kutoka Namuwongo, vibarua wanavuka reli kuingia eneo la viwanda. Kutoka Nateete na Ndeeba, wachuuzi wanaelekea soko la Owino na mizigo kichwani. Wengi wao wana simu ya vitufe; mwenye simu janja ameizima data kutunza bando, na hata angekuwa nalo, hakuna anayebonyeza kitufe cha kuanza kwa sababu anaenda kazini.

Kwa programu hizi, mwendo ni starehe unayoitangaza. Kwa sehemu kubwa ya Kampala mwendo ni nauli iliyookolewa. Ripoti za polisi za kila mwaka huwataja watembea kwa miguu miongoni mwa wanaokufa zaidi barabarani, na wengi wao hawafi kwenye Acacia Avenue yenye vibaraza vipana.

Njia ya kuwahesabu inajulikana na ni ya kizamani: watu wenye karatasi na kalamu wanakaa njia panda kuanzia alfajiri hadi usiku, wakitia alama moja kwa kila apitaye, mwanamke, mwanamume, mtoto wa shule, mwenye mzigo, mwenye baiskeli. Inachosha, inagharimu posho, na haitoi picha nzuri ya kuonyesha kwenye semina. KCCA ikitaka kujua wapi pa kujenga njia inayofuata, ianzie Ndeeba na karatasi hizo kabla ya kufungua ramani ya mtu yeyote.